Vipimo vyote safi, lakini mwili hauna nguvu

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Miezi minane iliyopita niliugua homa kali ya virusi. Ilikwisha, ila nguvu hazijarudi. Vipimo vinatoka safi. Nikipata nafuu nasafisha nyumba, halafu siku ya pili yake niko hoi, hata mswaki naona mzito. Nyumbani wanasema ni uvivu, na nimeshauriwa nianze kukimbia kila asubuhi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Huo si uvivu. Mvivu hangoji siku apate nafuu ili asafishe nyumba.

Kilichonishtua ni hiyo siku ya pili. Uchovu wa kawaida ukilala unaisha. Wako unakuja kudai baadaye, mara nyingi nusu siku hadi siku mbili baada ya kazi, na deni lake linaweza kukulaza wiki nzima. Hiyo ndiyo alama kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu, ambao mara nyingi huanza baada ya maambukizi kama yako. Shirika la Afya Duniani limeuweka kati ya magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969, kwa hiyo usikubali kuambiwa unajidekeza.

Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Tunautambua kwa maelezo ya mgonjwa: shughuli zimepungua sana kwa zaidi ya miezi 6, anazidiwa baada ya kujishughulisha, usingizi haumburudishi, na tena ama kichwa kinakuwa kizito, anasahau na kupoteza maneno, ama hali inakuwa mbaya akisimama. Usingizi na kusimama hukuvitaja, na ningependa kujua. Hakikisha pia "vipimo vyote" ni pamoja na wingi wa damu, tezi ya shingo, sukari, figo, ini, VVU na kifua kikuu. Ukipungua uzito au kutoka jasho jingi usiku, rudi hospitali mapema.

Kuhusu kusimama, jaribu hivi mtu akiwa karibu nawe. Lala chali dakika 10, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Kisha simama umeegemea ukuta dakika 10, ukihesabu kila baada ya dakika mbili. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko, mpelekee daktari namba hizo, kwani tatizo hilo lina matibabu yake.

Kukimbia acha. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2021 uliondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa, na mimi nimeona watu waliolazimishwa wakaishia kitandani. Dawa ya kuuponya haijapatikana, ingawa maumivu na kukosa usingizi hutibika. Kinachosaidia zaidi ni kupimia nguvu: acha kazi kabla hujachoka. Fagia chumba kimoja, lala nusu saa, kingine kiache kesho. Oga umeketi. Siku utakayojisikia vizuri ndiyo ya kujihadhari zaidi, maana ndiyo inayokushawishi umalize kila kitu.

Andika kwenye daftari ulichofanya kila siku na ulivyoamka, kwa wiki tatu. Nenda nalo kwa daktari, na nyumbani pia walione: Jumamosi ulisafisha, Jumatatu hukuinuka.