Maswali ya Wasomaji: Samaki wa Kampuni au wa Mpishi wa Mtaani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anayeishi Marekani huisifia Red Lobster, kampuni ya migahawa ya samaki yenye matawi mamia, akidai kwamba wapishi wetu wa Mtwara hawaifikii. Je, ni kweli? – Msomaji, Mikindani.

JIBU: Mpendwa msomaji, migahawa ya aina hiyo, na huo ulianza mwaka 1968 huko Lakeland, Florida, husimama juu ya usawa: vipimo ni vilevile kila tawi, na mlaji hupata leo ladha aliyoipata mwaka jana katika mji mwingine. Huo ni ufundi, nami siubezi.

Pishi la kwetu hufuata bahari. Maji ya bamvua yanapokupwa sana na miamba ikabaki wazi, ndipo pweza hupatikana kwa wingi, na mpishi anayeelewana na mvuvi wake humpokea akiwa bado na utelezi, akampiga hadi alainike, akamchemsha taratibu, kisha akamtia tui zito la nazi. Kusi likivuma kwa nguvu, ngalawa hazitoki. Mpishi mwaminifu atakwambia kwamba leo hakuna, na jibu hilo huniongezea imani naye.

Hata hivyo, mgahawa mdogo hauna mkaguzi wa kampuni, kwa hiyo omba kuonyeshwa samaki kabla hajapikwa: macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Akiwa hivyo, kwa ladha sioni wa kumshinda. Mwanao akija likizo, mpeleke soko la samaki alfajiri akachague mwenyewe.