Maji ya mboga yanaondoka na nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyakato, Mwanza. Mchicha na mgagani huwa nachemsha kwanza, nakamua yale maji ya kijani na kuyamwaga, ndipo naunga kwa karanga. Muuguzi wa kliniki ameniambia kwamba namwaga vitamini. Tena, mwanangu alipotumia vidonge vya vitamini B, mkojo wake ulikuwa wa njano iliyokolea. Je, vidonge hivyo vinapita tu bila kumfaa?

JIBU: Marahaba, mama. Muuguzi amekuambia kweli. Vitamini C na zile nane za kundi B huyeyuka katika maji, tofauti na A, D, E na K ambazo huyeyuka katika mafuta. Mboga inapochemka, vitamini hizo hutoka katika jani na kuingia katika maji unayoyakamua, na vitamini C, zaidi ya kuyeyuka, huharibiwa pia na joto na hewa. Mchicha hauna sababu ya kukamuliwa kabisa. Uoshe majani yakiwa mazima, ndipo ukate, uyatie katika maji machache yanayochemka, ufunike kwa dakika chache, kisha uunge karanga humo humo. Mgagani ni mchungu, na wengi wetu tumekua tukiona maji yake yakimwagwa. Upunguze maji na muda wa kuchemsha, na uchungu unaobaki uupoze kwa maziwa. Kisamvu ndicho pekee nisichotaka ukifupishie moto, kwa kuwa majani ya muhogo yana sianidi, ambayo ni sumu, na hupungua kwa kuyatwanga na kuyachemsha vizuri.

Nsansa nayo, yaani mboga ya majani iliyokaushwa, kwa kuwa imechemshwa na kuanikwa juani, hubakiwa na vitamini C kidogo sana. Siku ya ugali na nsansa, wape watoto pera au chungwa baada ya chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa mtu mzima, na pera moja la wastani huwa na zaidi ya miligramu 100. Vitamini hii huzuia kiseyeye, ugonjwa wa kuvuja damu kwenye fizi ambao daktari wa meli James Lind aliutibu kwa machungwa na malimau mwaka 1747, na pia huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Kwa akina mama na watoto wetu wenye upungufu wa damu, faida hii ya pili naiona kubwa kuliko ile ya kwanza.

Njano uliyoiona ni rangi ya riboflavini, yaani vitamini B2. Mwili huchukua unachohitaji na figo hutoa ziada, kwa hiyo rangi hiyo haina maana kwamba mtoto hakufaidika, bali kwamba alipata zaidi ya mahitaji yake. Hata hivyo usimzidishie, kwa sababu vitamini B6 ikitumiwa kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Kama hana tatizo lililothibitishwa, dona, maharage na dagaa vitamtosheleza kwa sehemu kubwa. Sembe iliyokobolewa imepoteza vitamini B1 nyingi pamoja na pumba na kiini.

Ukifikiria kubeba mimba nyingine, anza vidonge vya asidi ya foliki, yaani vitamini B9, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito, na usipofunga mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

SWALI: Mimi ni mzee wa Ukerewe. Natumia metformini kwa kisukari miaka mingi sasa, na nyayo zangu zinakufa ganzi. Kijana wa duka la dawa ameniuzia asidi ya foliki. Nimeze?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naomba usimeze kwanza. Metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, hata kwa mtu anayekula sato na dagaa, ambao wana vitamini hiyo kwa wingi. Ini huihifadhi kwa miaka, ndiyo maana upungufu wake, unaodhuru damu na mishipa ya fahamu, hunyemelea polepole. Asidi ya foliki inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimya kimya, na uharibifu huo ukichelewa kutibiwa huenda usirudi nyuma. Kisukari chenyewe pia huleta ganzi, kwa hiyo usiache dawa yako. Omba kupimwa B12 katika damu, na siku ya kliniki uende na vidonge vyote unavyotumia, vya hospitali na vya dukani, kisha uvue viatu daktari akague nyayo zote mbili.