Popo darini: usizibe tundu leo

Ndugu, umesema popo wamehamia darini, harufu imezidi, na unataka kuziba tundu leo. Subiri. Kama kuna vitoto visivyoruka, vitafia humo na uvundo utakuwa maradufu. Jioni simama nje utazame wanakotokea. Mwanya wa sentimita 2 unawatosha. Vitoto vikishaanza kuruka, tundika wavu mbele ya tundu, chini uache wazi: watatoka, kurudi hawataweza. Baada ya siku kadhaa, ziba. (Wanaokula wadudu, mimi ningewaacha, ila pua ni yako.)

Kinyesi kilowanishe kabla ya kuzoa, uvae barakoa. Popo akikuuma au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo. Huweza kubeba kichaa cha mbwa.