Ngalawa ya mitumba: anzia wapi

Kaka, umesema umepata ngalawa ya mtu hapo Nungwi, gogo la mwembe, na hujawahi kuwa na chombo. Usitoe pesa bado. Chukua kisu, dunga chini ya tumbo na pale mlingoti unaposimama. Ncha ikizama kama kwenye mkate, achana nayo. Rangi mpya isikudanganye, mimi iliwahi kunidanganya.

Mti ukiwa mzima, geukia matengo, zile mbao mbili za ubavuni. Kamba zilizofungia ndizo hukatika kwanza, tena mkiwa mbali. Mimi sizibahatishi, hubadilisha zote.

Ufa mdogo utiwe kalafati, pamba iliyolowa mafuta, igongwe hadi ikaze. Ndani upake sifa, yale mafuta ya papa. Inanuka, mkeo atalalamika, lakini mti haukauki ukapasuka. Usiiache majini wiki nzima, kuna wadudu wanaotoboa mbao kimyakimya. Ipandishe juu ya alama ya maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, uifunike makuti.

Tanga subiri. Mwezi wa kwanza tumia pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na kafi, upande wa pwani wa mwamba tu, na ndoo ya kukumbia maji iwe imefungwa kamba.