Muulize Fundi: Meli kubwa au hospitali?

SWALI: Assalaam alaykum Mzee Fundi. Mimi na mwanangu anayesoma chuo hatusikilizani. Yeye anasema nchi ikitaka kuheshimiwa inunue manowari kubwa, bei isitazamwe. Mie nasema pesa hizo zijenge hospitali. Nani ana haki?
Baba Mbishi, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nyote mmeanzia kwenye bei. Mimi nimetengeneza mashine za boti miaka 27, na bei huiuliza mwisho. Kwanza chombo kinakwenda kufanya kazi gani?

Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, baada ya kimbunga cha 1872 kumvunjia meli zake, aliagiza Uingereza meli iitwayo Glasgow, iliyoundwa kwa kuiga manowari ya Kiingereza. Ikafika 1878, nzuri ya kutazama, mizinga yake midogo. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipolipiga kasri la Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani bila ya ridhaa yao, Glasgow ikajibu. Ikazamishwa papo hapo bandarini, vita vyenyewe havikumaliza hata saa moja. Milingoti ikabaki imechomoza majini miaka mingi. Chombo cha fahari kilipewa kazi ya vita. Mhadithie mwanao hayo.

Ila na wewe usichekelee. Mwaka 2011 meli ya abiria Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, waliokuwa wakielea walihitaji boti ya kuwafuata usiku ule. Hospitali haimfuati mtu baharini.

Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo manowari hainunuliwi hapa kwetu Zanzibar. KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo, ndio wenye kazi ya kuyazuia baharini, na wewe wa Wete hufundishwi karafuu za magendo hupita wapi: kwenye hori za mikoko, usiku, kwa mashua. Ipeleke humo manowari ya mwanao, maji yakipwa utaikuta imelala ubavu.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye bei. Pahala nilipofanya kazi ililetwa boti ya kasi, mashine mbili, kila mtu akapiga nayo picha. Mwezi wa nane tangu ifike ikaharibika impela ya pampu ya maji, kidude cha kukaa kiganjani. Mkataba haukuwa na spea. Boti ikafungwa gatini mpaka ikaota chaza chini, nasi tukarudia kiboti chetu cha faiba, mashine ya farasi 40, ambayo spea zake zinapatikana sokoni Darajani.

Basi muulize kijana: hiyo meli yake, mwaka wa nne nani atainunulia impela, na kutoka fungu gani? Akikujibu, niandikie.