Baa ya kunyanyulia uzito: mpya ya bei chee au ya Olimpiki ya mtumba?

Ndugu, nimekuelewa: una chumba kimoja, pesa kidogo, na umekwama kati ya baa nyembamba mpya na ile ya Olimpiki ya mtumba. Mimi ningechukua ya mtumba.

Sababu ni tundu la sahani, yaani vile vyuma vya mviringo vya uzito vinavyovikwa kwenye ncha za baa. Baa nyembamba hupokea sahani za tundu la milimita 25 hivi. Ya Olimpiki ni 50, na sahani zake ndizo utakazoongeza kwa miaka. Ukianza na nyembamba, siku ukipata nguvu utanunua vyote upya. Baa ya Olimpiki ya kawaida ina kilo 20 na urefu wa mita 2.2, kwa hiyo pima chumba kwanza!

Ukienda kuiona, ilaze kwenye sakafu iliyonyooka uiviringishe. Ikirukaruka katikati, imepinda, achana nayo. Zungusha ncha zinazobeba sahani: zikigoma kabisa, viganja vitaumia. Kutu ya juujuu isikutishe, brashi ya waya na oili ya cherehani vinaitoa. Lakini ukiona ufa au alama ya kuchomelewa, hata kwa bure usichukue.

Bomba la maji lenye makopo ya zege? Kwa kuanzia sawa, mradi usilinyanyue juu ya kifua au kichwa.

Ukibenchi (kulala chali na kusukuma baa kutoka kifuani) peke yako, usifunge klipu, vile vibanio vinavyozuia sahani zisichomoke, ili ukizidiwa uinamishe upande sahani zidondoke. Na kama una ngiri, presha au maumivu ya mgongo ya zamani, muone daktari kabla hujalipa.