Kabla hujamwita mtu bilionea, uliza ana asilimia ngapi

Kosa linalojirudia kwenye makala za matajiri ni kuchukua mauzo ya kampuni na kuyafanya utajiri wa mwenye kampuni. Kampuni inaweza kuuza bidhaa za dola bilioni moja kwa mwaka, ikabakiwa na faida ya milioni 30, na nusu ya hisa zikawa za watu wengine. Tafuta kwanza idadi ya hisa, bei ya hisa moja, asilimia ya mhusika na madeni yake binafsi. Ukikosa asilimia, huna makala.

Kampuni iliyo kwenye soko la hisa haisumbui. Vodacom Tanzania iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 ikiwa na hisa kama bilioni 2.24, kila moja ikiwa imeuzwa shilingi 850. Zidisha, unapata trilioni 1.9. Mwenye asilimia 1 alikuwa na hisa milioni 22.4, yaani shilingi bilioni 19 na kitu. Bei ikishuka hadi 600, zilezile ni bilioni 13.4, naye hajauza hata moja. Madeni ya kampuni usiyatoe hapa. Bei ya hisa imeshayabeba, na wengi huyakata mara mbili. Wala usiseme "ana bilioni 19 benki". Kwa siku moja, wanunuzi wa hisa pale sokoni ni wachache, na anayetaka kuzitoa zote kwa haraka itabidi akubali bei ya chini. Fedha inayomfikia mkononi ni gawio, likishakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5.

Kampuni binafsi ndizo zenye kazi. Kenya, omba CR12 ya kampuni husika, yaani hati ya msajili wa kampuni: inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ukikuta mwenye hisa ni kampuni nyingine, iombee nayo yake. Njia ikiishia kampuni ya ng'ambo, andika hivyo hivyo, usijaze pengo kwa kukisia. Kisha chukua faida (si mauzo), uipime kwa kampuni inayofanana nayo iliyo sokoni (hisa zake zote zina bei mara ngapi ya faida yake), halafu punguza, maana hisa zisizo sokoni huuzika kwa shida.

Vyombo vya habari vina mtego wake. Masafa ni mali ya taifa, na leseni ina muda na masharti, kwa hiyo usiipe bei kama kiwanja. Kilichopo ni vifaa, majengo, jina na mapato ya matangazo, ambayo wateja wengi hulipa kwa kuchelewa. Reginald Mengi, tajiri wa Tanzania aliyefariki 2019, wengi walimjua kwa runinga ya ITV na Radio One, zilizoanza 1994. Lakini yeye alikuwa mhasibu aliyeanzia kuunganisha kalamu za wino, na chini ya IPP, kundi lake la kampuni, kulikuwa na Bonite Bottlers ya Moshi, wanaojaza Coca-Cola. Forbes walipomkadiria dola milioni 560 mwaka 2014, anayehesabu matangazo ya runinga peke yake asingefika huko. Soda ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kila duka la mtaani.

Mwisho, sarafu. Mapema 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa kama 129. Bilioni moja ya Kenya ilitoka dola milioni 6.25 hadi 7.75 bila mtu kufanya biashara yoyote. Andika kiasi kwa shilingi kwanza, dola zifuate pamoja na tarehe ya kubadilishia.